Baraza la Ushauri wa Vijana

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani wa ramani, maana wenyewe hawapendi kuulizwa na mimi sina miguu ya kwenda kujieleza ofisini kwa mtu. Inaitwa Jamhuri ya Shukurani. Huko watu wanashukuru kutwa. Umeme ukikatika wanashukuru kwamba jana ulikuwapo, ukirudi wanashukuru mara mbili, na anayeshukuru kwa sauti ya chini huitwa pembeni akaelekezwa namna ya kupaza. Ni nchi nzuri sana. Nalisema hili mapema lisije likaandikwa mahali kwamba sikulisema.

Mwaka mmoja walifika wageni kutoka nje, watu wa mashati mepesi na madaftari, wakauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa nalo: serikali yenu inawasikiliza vijana wapi? Mawaziri wakatazamana. Mmoja akajibu kwamba vijana wanasikika kila mahali, hasa jioni, na muziki wao. Wageni hawakucheka, wakaandika. Basi ndani ya siku nane sheria ikatungwa, ikapigiwa makofi, ikatiwa saini. Kifungu chake cha nne kilisema hivi: "Kutakuwa na Baraza, na kazi ya Baraza itakuwa ni ushauri wa vijana." Sheria ilichapwa haraka haraka na hakuna aliyeisoma mara mbili, nanyi mtaona ilivyokuja kuwaumiza watu.

Baraza lilikuwa na wajumbe kumi na wawili. Tisa waliitwa vijana wazoefu, yaani watu waliokaa kwenye ujana muda mrefu kuliko wengine. Mdogo wao alikuwa na miaka hamsini na sita na wajukuu wanne. Watatu waliobaki waliitwa vijana wa majaribio. Mmoja alikuwa mpwa wa mkubwa fulani, anasoma ng'ambo, naye hutuma salamu kila kikao. Nafasi ya pili iliachwa wazi ili siku zote pawe na nafasi ya kujazwa. Ya tatu alipewa msichana mmoja wa kidato cha sita, jina lake Sikudhani.

Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Vijana mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Mabruki, mzee wa miaka sabini na moja. Wizara hiyo aliishika kabla hajaota unywele mmoja mweupe. Sasa kila kikao kikikaribia alizipaka mvi zake rangi nyeusi ili, kama alivyopenda kusema, aende na wakati.

Sikudhani alipatikanaje? Waraka ulitaka binti, wa pembezoni, anayeweza kusimama mbele ya watu asianguke. Mkuu wa Shule ya Sekondari Mkalambati, ambayo iko mwendo wa siku nzima na nusu kutoka mji mkuu, hakuumiza kichwa. Alikuwa naye pale msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu, msema pole pole, mbishi kupita kiasi. Bibi yake aliwahi kumwambia kwamba huyu hata kaburini atakuja kubishana na malaika. Alitaka kuwa muuguzi. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimeshamwambia kwamba kinamsubiri yeye na matokeo yake ya mtihani, basi.

Na hapo kwenye mtihani ndipo penye kisa chetu.

Ilikuwa imebaki miezi miwili watahiniwa waingie chumbani, orodha za shule zikabandikwa ubaoni wilayani. Mkalambati haikuwamo. Ilikuwamo shule nyingine, Mkarambati, yenye watahiniwa arobaini na mmoja, na majina yao yalikuwa yale yale ya watoto wa Mkalambati, Sikudhani wa thelathini na tatu. Karani wa Ofisi ya Mitihani aliyechapa orodha alikuwa mtu wa upande ule wa nchi ambao kwao L na R ni kitu kimoja. Kwao mtu akila wari ameshiba kama aliyekula wali, na karani wa watu hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Mkuu wa shule akafunga safari mpaka Ofisi ya Mitihani. Wakampa kiti, wakampa na maji ya kunywa. Wakamwambia kosa linarekebishika bila shida yoyote, ila mwisho tarehe thelathini, na kwa barua ya Waziri wa Vijana tu, naye Waziri huandika barua ya namna hiyo akishauriwa na Baraza. Tarehe ikipita, watoto arobaini na mmoja wa Mkalambati hawatakuwa watahiniwa, kwa kuwa shule yao haipo. Wale arobaini na mmoja wa Mkarambati wao ni watahiniwa halali kabisa, na wasipotokea chumbani watafungiwa mitihani yote miaka mitatu kwa kosa la dharau. Mwalimu akasema kwa upole kwamba hao ni watu wale wale. Afisa akamjibu kwamba ofisi inalifahamu hilo na inawapa pole pande zote mbili.

Kwa hiyo Sikudhani alipoitwa kwenye kikao cha tatu cha Baraza, tarehe kumi na tisa ya mwezi ule, shule nzima ilimsindikiza stendi. Nyamizi, aliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, ndiye aliyempigia shati pasi. Njia nzima Sikudhani alikuwa akirudia maneno yake kimoyomoyo. Hayakuwa mengi. Badilisheni R iwe L, basi.

Mlangoni mwa ukumbi alipokewa na Katibu wa Baraza, Bwana Mlekwa, mtu mwembamba, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Huyu ndiye aliyeandika kitabu kinachoitwa Mwongozo wa Vikao Vyenye Tija, na nchi za jirani zilikuwa zikimwazima aende kuzifundisha. Alikuwa amegundua kwamba kinachopoteza muda kwenye vikao ni watu kusema halafu katibu aandike. Yeye aliandika muhtasari kwanza, siku tatu kabla, akaugawa mlangoni, na kikao kikawa na kazi moja tu ya kuufuata.

Sikudhani akampa shikamoo, akaitikiwa, akakabidhiwa muhtasari. Akaona kwamba saa tano na dakika kumi Mjumbe Sikudhani alishukuru. Akasema yeye hajazungumza bado.

"Ndiyo, mwanangu," Bwana Mlekwa akamwambia. "Nimekuachia dakika mbili uyaseme."

Kikao kikaanza saa tatu. Kila mjumbe alipopewa nafasi aliwatambua wenzake waliopo kwa vyeo vyao, halafu wasiokuwapo kwa udhuru, halafu akasema itifaki imezingatiwa, akakaa, na wa pili akainuka kuwatambua upya. Hilo lilikwisha saa nne na nusu. Ukafuata mchezo wa kuchangamsha, kwa kuwa Mwongozo unasema vijana bila mchezo hulala. Wakarushiana mpira wa karatasi, na kila anayeudaka anataja jina lake na tunda analolipenda. Mheshimiwa Waziri alipenda embe. Wazee wanane waliofuata nao, kumbe, wote walikuwa wakipenda embe. Mpira ulipofika kwa Sikudhani akasema fenesi, na Bwana Mlekwa akalazimika kufuta kitu kwenye karatasi yake. Likaja fungu la yatokanayo, likapitwa, kwa sababu katika vikao vyote vya Baraza hakuna kitu kilichowahi kutokana na chochote.

Saa tano na dakika kumi Sikudhani akainuka. Akashukuru kwanza, ili muhtasari wa mzee wa watu usiwe wa uongo. Kisha akasema ana ushauri kwa Mheshimiwa Waziri. Akaeleza habari ya orodha, ya tarehe thelathini, ya kufungiwa miaka mitatu, akamshauri aandike barua ya kubadilisha herufi moja. Alisema yote bila kutetemeka, nami nawaambieni hakuna neno lililozidi wala lililopungua.

Vijana wazoefu wakaguswa sana. Wa kwanza akainuka akamshauri asome kwa bidii. Wa pili akamshauri ajiepushe na simu. Wa tatu akamshauri achague marafiki wenye maadili, na wa nne, ambaye aliwahi kuwa daktari wa mifugo, akamshauri anywe maji ya kutosha asubuhi ya mtihani. Wengine waliendelea mpaka wakatimia tisa, na Bwana Mlekwa akawa anahesabu kwa vijistari, kwani wageni wa madaftari wangetaka kujua idadi. Sikudhani alisimama wima muda wote. Walipomaliza hakukaa.

"Nawashukuru wazee wangu kwa ushauri," akasema. "Ila mimi sikuja kushauriwa. Nimekuja kushauri."

Mwanasheria wa Baraza akafungua sheria, akasoma kifungu cha nne kwa sauti, akafika kwenye yale maneno ushauri wa vijana, akavua miwani, akasema kwamba kwa maoni yake binti amekosea mlango. Hili ni Baraza la kuwashauri vijana. Vijana wa majaribio waliwekwa humo ili washauri wasikose mtu wa kumshauri.

Ikabidi aombwe mtaalamu. Bahati njema alikuwamo ukumbini, kijana mzoefu wa miaka sitini na nane, Profesa wa Sarufi, mtu aliyetumia maisha yake yote kwenye maneno mafupi. Akainuka taratibu, akatambua itifaki upya.

"Tukisema dawa ya panya, Mheshimiwa," akasema, "hatuna maana kwamba dawa inatoka kwa panya. Panya ndiye anayepewa. Vivyo hivyo ushauri wa vijana ni ule wanaopewa vijana."

Makofi yakapigwa. Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika, mtu aliyelala kwenye kona akaamka, na mambo yangeishia hapo kama bibi wa Sikudhani angekuwa amekosea kuhusu mjukuu wake.

"Na maziwa ya ng'ombe, Profesa," Sikudhani akauliza, "anapewa ng'ombe?"

Mzee mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Jasho likaanza kumtoka Waziri, na weusi wa nywele zake ukamteremkia sikioni. Si kwamba alikasirika, maana Dakta Mabruki hakuwa mtu wa hasira. Alishituka kuona kwamba kwa miaka miwili Baraza lake lilikuwa likifanya kazi bila kujua kama ni dawa ya panya au maziwa ya ng'ombe, na wageni walikuwa wameahidi kurudi. Akasema suala hili ni zito na la kitaifa. Akaunda kamati ndogo ya kuchunguza neno wa, mwenyekiti wake Profesa, ikakae siku ishirini na moja kwenye hoteli ya ziwani ambako kuna utulivu wa kufikiri.

Sikudhani akamkumbusha kwamba tarehe thelathini ni siku kumi na moja tu mbele.

"Mwanangu," Waziri akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, upole wa baba, "nitapokeaje ushauri wako kabla sijajua kama ni ushauri?"

Alipotoka nje Sikudhani aliingia kwenye choo cha wanawake, ambacho kilikuwa kikavu na kisafi kwani yeye ndiye mwanamke pekee aliyewahi kukitumia, akalia kwa hasira. Alilia huku amejiziba mdomo kwa mkono. Hakuwa amezoea kulia, na hilo lenyewe lilimtia hasira zaidi. Kisha akanawa uso, akaenda kumtafuta Bwana Mlekwa ofisini kwake.

Sasa nitawaambia jambo moja kuhusu Bwana Mlekwa, msije mkamdhania vibaya. Hakuwa mtu mbaya. Msichana alipomweleza tena habari ya barua, hata hakumwacha amalize. Akavuta droo, akatoa faili la kijani, akatoa barua. Ilikuwa imechapwa tayari. Ilikuwa kwa Ofisi ya Mitihani, ikieleza kwamba palipoandikwa Mkarambati pasomeke Mkalambati, na majina yote arobaini na moja yaliambatishwa, hata jina la Nyamizi ambalo watu hulikosea lilikuwa sawasawa. Chini pamebaki mahali pa saini.

"Nimeiandaa tangu wiki iliyopita," akasema. "Mimi si mtu wa kuchelewesha mambo ya watu."

Sikudhani akaisoma mara mbili. Hakuwahi kuona barua nzuri kama ile. Akamwomba mzee ampelekee Waziri aitie saini, yuko hapo chumba cha pili, anakunywa chai, mlango uko wazi. Bwana Mlekwa akamwonyesha kwa ncha ya kalamu pale juu kulia, penye nafasi ya namba ya azimio la Baraza. Azimio halikuwapo. Barua bila azimio ni karatasi. Aliyasema hayo kwa huruma ya kweli, mimi sitamsingizia, akaichukua barua mikononi mwa msichana pole pole, akairudisha kwenye faili la kijani, akafunga droo.

Tarehe thelathini ikafika, ikapita. Kamati ilikuwa ziwani, kwenye siku yake ya kumi na moja. Wanasema siku hiyo ilijadili samaki wa kukaanga, kama ni samaki aliyekaangwa au samaki wa kwenda kukaangwa, na wajumbe waligawanyika vibaya sana.

Jumatatu ya mtihani msimamizi aliwasili Mkalambati na gunia lililofungwa kwa lakiri na askari mmoja wa kulilinda. Alikuwa mwalimu mzee kutoka wilaya nyingine. Siku nzima ya Jumapili alikuwa ameitafuta Mkarambati, akauliza sokoni, akauliza misikitini na makanisani, na wote walimwelekeza shule hiyo hiyo moja. Watoto walikuwa wamejipanga mstari tangu alfajiri, mashati meupe, kalamu mbili mbili. Mzee akachukua vitambulisho. Vyote L. Akatazama orodha. Yote R. Akapiga simu ofisini, akaongea muda mrefu amewapa watoto kisogo, na aliporudi alikuwa hawezi kuwatazama usoni.

Akafungua chumba. Akaweka karatasi ya maswali na kijitabu cha majibu kwenye kila dawati, madawati arobaini na moja, akibandua na kupanga kwa mkono wake. Saa tatu kamili akasimama mbele ya viti vitupu akasoma maelekezo yote kwa sauti, pamoja na lile la kwamba hairuhusiwi kumwazima jirani kifutio. Kisha akakaa.

Watahiniwa walisimama nje. Sikudhani alikuwa kwenye dirisha la tatu. Dawati la karibu lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na swali la kwanza lililoandikwa kwa herufi kubwa lilisomeka bila shida: eleza namna damu inavyozunguka mwilini. Alilijua. Alilijua lote, kuanzia moyoni mpaka kwenye ncha za vidole na kurudi, alikuwa amelichora mara nyingi mpaka Nyamizi akamchoka. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Pembeni yake Nyamizi akaanza kulijibu kwa kunong'ona, neno kwa neno, kama anamsomea mgonjwa. Askari akamwendea akamwambia aache, anawasumbua waliomo ndani.

Walikaa hapo saa tatu nzima. Hakuna aliyeondoka, sijui kwa nini. Muda ulipokwisha mzee akatangaza kalamu chini, akakusanya vijitabu vitupu arobaini na kimoja, akavihesabu, akavihesabu tena, akavifunga guniani. Kwenye fomu akaandika kwamba mtihani ulifanyika kwa utulivu mkubwa, na hapo hakudanganya. Alipotoka nje alisimama mlangoni.

"Nisameheni, wanangu," akasema, akapanda gari.

Wiki tatu baadaye tangazo likabandikwa wilayani. Watahiniwa arobaini na mmoja wa Mkarambati wamefungiwa mitihani yote miaka mitatu kwa kutotokea bila sababu. Hapa sasa karani alikuwa makini, akaongeza kwa mabano kwamba wahusika wanapatikana Mkalambati. Mpaka hapo shule ikawa ipo.

Chuo cha uuguzi hakingoji mtu miaka mitatu. Baba yake Nyamizi alishaanza kuulizia habari za mahari. Wavulana wawili waliondoka kwenda kuchimba mawe na hawakuaga. Sikudhani alipopata barua ya kumwita kwenye kikao cha nne, aliitupa. Mkuu wa shule ndiye aliyeiokota. Akamwambia kwamba waliokufungia wanaweza kukufungulia, na Waziri ana uwezo huo kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, ila lazima ashauriwe. Wakakaa darasani watoto wote waliobaki, wakatunga maneno pamoja, wakayafupisha yasimchoshe mkubwa. Kwanza aseme kwamba muda wa barua umepita, hawadai tena hilo. Halafu aombe kifungo kiondolewe. Ni sentensi tatu. Nyamizi alizihesabu.

Ukumbi wa kikao cha nne ulipambwa. Wageni wa madaftari walikuwa wamerudi, wamekaa mstari wa mbele na kamera za televisheni pembeni yao. Wanakamati nao walikuwa wamerudi kutoka ziwani, wamenawiri, wana mashavu. Profesa akawasilisha ripoti ya kurasa mia moja na kumi na mbili. Kamati ilikuwa imegundua kwamba neno wa linaweza kwenda huku na linaweza kwenda kule, na kwa hiyo Baraza linaweza kuwashauri vijana na pia, kwa wakati maalumu utakaopangwa, kushauriwa nao. Watu wakasimama kupiga makofi. Itifaki, mchezo wa matunda na usomaji wa ripoti vilikuwa vimekula asubuhi yote, lakini hakuna aliyejali.

Dakta Mabruki akainuka, nywele zake nyeusi tititi. Akasema leo ni siku ya historia. Akasema kuna nchi ambazo vijana wao hawajawahi kushauri kitu, na yeye hazitaji, zinajijua. Kisha akanyoosha mkono kwa Sikudhani akamwomba, mbele ya taifa na mbele ya wageni, atoe ushauri wa kwanza wa kijana katika Jamhuri ya Shukurani. Bwana Mlekwa akageuza karatasi ya muhtasari. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alikuwa ameacha mstari mmoja mtupu.

Sikudhani akapewa kipaza sauti. Alitazama taa za kamera, akayaona tena yale madawati matupu, akayaona mashati meupe.

"Mheshimiwa, muda umepita," akasema, akatua kidogo avute pumzi.

Waziri akatazama saa yake. Ilikuwa saa saba na dakika tano, na Mwongozo wa Vikao Vyenye Tija unasema kikao chenye tija kinafungwa saa saba kamili.

"Ni kweli kabisa," akasema Waziri, na uso wake ukajaa furaha. "Mmeona wenyewe. Kijana ameshauri, na Serikali inatekeleza papo hapo."

Akakifunga kikao. Makofi yakalipuka. Wazee tisa wakainuka pamoja kuelekea mezani ambako wali ulishapakuliwa, wageni wakaandika mistari mirefu, na fundi mitambo akaja kwa adabu akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Sikudhani huku bado anasema lakini Mheshimiwa, lakini, kifungo. Sauti yake peke yake haikufika popote. Alimkimbilia Bwana Mlekwa, akamkuta anajaza ule mstari mtupu kwa mwandiko mzuri: Mjumbe alishauri kwamba muda umepita, Baraza likakubaliana naye kwa kauli moja. Machozi yalikuwa yakimlengalenga yule mzee kwa fahari. Sikudhani akamwambia kwamba hakuwa amemaliza. Bwana Mlekwa akafikiri, akasema aliyobakiza atayaleta kikao cha tano, mwakani. Halafu akakumbuka jambo, akafungua kanuni, akamwonyesha kwa masikitiko kwamba kijana aliyefungiwa mitihani hana sifa ya kuwa mjumbe.

Basi lilimshusha Mkalambati kesho yake saa kumi jioni. Walikuwa wakimsubiri stendi, karibu wote, na habari ilishawatangulia, maana redio ilikuwa imetangaza tangu asubuhi kwamba Serikali imekubali ushauri wa kijana kutoka Mkalambati, na kwa L, imetamkwa vizuri kabisa. Haikusema ushauri gani. Nyamizi alipita katikati ya watu akamshika mikono yote miwili.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Ni kweli wamekubali?"

"Wamekubali," Sikudhani akasema.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka sokoni. Wakamnyanyua juu juu, wakamzungusha stendi nzima, Nyamizi analia na kucheka, mkuu wa shule amesimama pembeni anafuta miwani yake kwa tai. Sikudhani alikuwa amekwisha kufungua mdomo awaeleze. Akawatazama kutoka pale juu mabegani mwa watu, akaufunga, akawaacha washangilie kwanza.